Kofia ngumu ipi ununue: ya uso mzima, ya kufunua, ya uso wazi au ya nusu?

Anayeingia katika duka la vipuri vya pikipiki pale Kariakoo kutafuta kofia ngumu huonyeshwa ukuta mzima wa helmeti zinazong'aa, na swali la kwanza analoulizwa na muuzaji huwa ni anapenda rangi gani. Swali hilo si baya, ila linakuja mapema mno. Kabla ya rangi, mnunuzi anapaswa kuamua ni hatari ipi anakubali kuibeba na ipi anaikataa, kwa sababu kila aina ya kofia iliyotundikwa pale inalinda sehemu fulani ya kichwa na kuiacha nyingine wazi. Uamuzi huo hawezi kufanyiwa na askari wa trafiki, wala na mwenye pikipiki anayesubiri hesabu yake jioni, wala na dereva wa daladala atakayemkatia njia kesho asubuhi.

Mwaka 1981 Harry Hurt wa Chuo Kikuu cha Southern California, nchini Marekani, alitoa ripoti ya uchunguzi wa ajali 900 za pikipiki zilizotokea katika eneo la Los Angeles. Katika ajali zilizohusisha pikipiki na chombo kingine, takriban theluthi mbili zilitokana na dereva wa chombo hicho kuingia katika njia ambayo mwenye pikipiki alikuwa na haki ya kupita, na kwa kawaida dereva huyo alisema hakuiona pikipiki, au aliiona akiwa amechelewa. Vijiweni habari ya namna hii hupokelewa kama ushahidi kwamba kosa ni la wenye magari. Ni kweli kosa ni lao, na sheria iwashughulikie. Lakini haki ya kupita haina uzito mbele ya bampa la lori, na fuvu litakalogonga lami ni la aliyekuwa juu ya pikipiki, awe na haki au asiwe nayo. Kwa hiyo ninapozilinganisha kofia hizi, ninachukulia kwamba msomaji amekwisha kukubali jambo moja gumu: hatari ni yake hata pale kosa lisipokuwa lake.

Kofia yoyote ya kweli ina sehemu tatu zinazofanya kazi. Gamba la nje husambaza pigo na kuzuia kitu chenye ncha kisipenye. Ndani yake kuna povu gumu, la jamii ile inayokuja ndani ya boksi la televisheni, ambalo hubonyea na kula nguvu ya pigo ili ubongo usisimame ghafla ndani ya fuvu. Mkanda wa kidevu huhakikisha kwamba vitu hivyo viwili bado viko kichwani wakati pigo la pili linapofika. Kichwa kinachoanguka kutoka kimo cha mita 1.6 hufika chini kikiwa na kasi ya karibu kilomita 20 kwa saa, hata kama pikipiki ilikuwa imesimama kwenye foleni. Anayesema anaendesha taratibu kwa hiyo hahitaji kofia hajaihesabu safari hiyo fupi ya kutoka kwenye kiti hadi chini.

Elimu hii ilipatikana kwa gharama. Hugh Cairns, daktari bingwa wa upasuaji wa ubongo, alikuwa miongoni mwa waliomhudumia T. E. Lawrence, askari na mwandishi maarufu wa Uingereza, alipopata ajali ya pikipiki nchini Uingereza mwezi Mei 1935, na hawakuweza kumwokoa. Cairns akaendelea kuwafuatilia matarishi wa jeshi, wapeleka ujumbe kwa pikipiki, waliokuwa wakifa kwa majeraha ya kichwa, na mwaka 1941 akachapisha uchambuzi wake kuhusu umuhimu wa kofia ngumu. Mwaka huohuo jeshi la Uingereza likaagiza waendesha pikipiki wake wazivae wakiwa kazini. Uchambuzi wa tafiti nyingi uliochapishwa na Cochrane, mtandao wa kimataifa wa watafiti wa afya, mwaka 2008 ulikadiria kwamba kofia hupunguza hatari ya kufa kwa asilimia 42 na hatari ya kuumia kichwa kwa asilimia 69. Hizo ni takwimu za kuvaa kofia kwa jumla. Tofauti kati ya kofia na kofia ndiyo inayotuhusu hapa.

Uso mzima na ya kufunua

Kofia ya uso mzima ina kidevu kilichoungana na gamba, na kioo kinachoshuka mbele ya macho. Kofia ya kufunua inafanana nayo kwa mbali, lakini kidevu chake kina bawaba na hunyanyuliwa juu ya paji la uso kwa kubonyeza kitufe.

Kofia yangu ya kwanza ya uso mzima ipo kabatini hadi leo, na siivai tena. Nilikuwa ninatoka barabara ya vumbi kuingia lami, gurudumu la mbele likapita juu ya mchanga na nikaanguka ubavu wa kushoto, katika mwendo ambao nisingethubutu kuuita wa kasi. Kwenye kidevu cha kofia hiyo kuna mkwaruzo wa upana wa vidole vinne, uliokula rangi, ukala gamba, na kuacha nyuzi nyeupe za fibaglasi zimetokeza kama za gunia lililochanika. Nikiweka kiganja juu ya mkwaruzo ule, kisha nikakirudisha usoni kwangu bila kukiinua wala kukishusha, kinatua pale yalipo meno ya chini. Mchanga ule ulikuwepo tangu mvua ya siku iliyotangulia, na asubuhi ile nilikuwa nimeupita na kuuona. Hapakuwa na gari wala mtu mwingine wa kulaumiwa.

Uzoefu wangu si wa ajabu. Watafiti wa Hannover, Ujerumani, waliochora ramani ya mahali kofia zilipogongwa katika ajali halisi, walikuta kwamba karibu theluthi moja ya mapigo yalikuwa katika eneo la kidevu na taya. Anayechagua kofia isiyo na kidevu anaiacha theluthi hiyo bila kinga yoyote, na mfupa wa taya ukipigwa husafirisha pigo moja kwa moja hadi kwenye sakafu ya fuvu.

Upungufu wa kofia ya uso mzima unajulikana na kila aliyewahi kuivaa saa nane mchana mwezi wa pili jijini Dar es Salaam. Ni joto. Pia ni vigumu kumsikia abiria anayesema "nishushe hapo mbele", na mwenye miwani hulazimika kuivua na kuivaa tena kila anapoingiza kichwa. Malalamiko haya ni ya kweli na sipendi yanapopuuzwa, kwa sababu ndiyo yanayomfanya mtu aitundike kofia kwenye kioo cha pembeni badala ya kuivaa. Suluhisho lake lipo dukani: chagua yenye matundu ya hewa yanayofunguka kweli kwenye kidevu na utosini, si mapambo yaliyochorwa juu ya gamba lisilotobolewa, chagua yenye kitambaa cha ndani kinachovuliwa na kufuliwa, na ikiwezekana chagua rangi nyeupe au nyingine nyepesi, ambayo hupokea joto kidogo na huonekana mapema zaidi na madereva wa magari.

Kofia ya kufunua huja na jibu la karibu malalamiko yote hayo. Ukisimama kijiweni unainua kidevu, unaongea, unakunywa maji, unavaa miwani yako bila shida. Gharama yake ni uzito, kwa sababu bawaba na kufuli huongeza gramu mia mbili au tatu ambazo shingo itazihisi baada ya saa nane za kazi, na bei yake huwa juu kuliko ya uso mzima yenye ubora uleule. Lakini tatizo kubwa ni tabia ya mvaaji. Nimewaona wengi wakiendesha huku kidevu kimenyanyuliwa juu kama pembe, na wakati huo wamevaa kofia ya uso wazi iliyo nzito kuliko zote na yenye kushika upepo. Kama unajijua kwamba kikishanyanyuliwa hutakishusha, usiinunue. Kwa anayefanya kazi ya abiria na mwenye nidhamu ya kushusha kidevu kabla ya kuachia klachi, mimi ningeiweka juu ya zote. Kwa anayesafiri masafa marefu, mathalani Dar es Salaam hadi Morogoro, ile ya kawaida ya uso mzima ni nyepesi, ni tulivu zaidi katika upepo, na haina bawaba ya kuharibika.

Neno moja kuhusu kioo, kwa sababu hakitajwi vya kutosha. Kioo cheusi kinapendeza mchana na kinapofusha usiku. Kioo kilichokwaruzwa kwa kufutwa vumbi kikiwa kikavu hugeuza taa za gari linalokuja kuwa ukungu mweupe, na hapo mtu hukiinua, kisha mdudu au kokoto inamwingia jichoni katikati ya daraja. Uliza kama kioo cha akiba kinapatikana kabla ya kulipa. Kofia nzuri ambayo kioo chake hakipatikani nchini itakuwa kofia mbaya ndani ya mwaka mmoja.

Uso wazi na nusu

Kofia ya uso wazi hufunika utosi, kisogo na masikio, na kuacha uso bila kinga. Ni nyepesi, ni ya baridi, na inamruhusu dereva kuzungumza na abiria. Nikilinganisha na kofia ya nusu, tofauti ni kubwa kuliko inavyoonekana ukutani: ya nusu hukaa juu ya kichwa kama kibakuli, ikiacha mapanja na sehemu ya chini ya kisogo, mahali ambapo mfupa wa fuvu ni mwembamba. Nyingi hazina povu gumu la kutosha, na baadhi zina sponji laini peke yake, ile ambayo ukiibonyeza kwa kidole gumba inagusa gamba kisha inarudi. Sponji ya namna hiyo haili pigo lolote.

Hata hivyo sitasema kwamba kofia ya nusu ni bure. Vietnam ililazimisha kofia kwa waendesha pikipiki wote na abiria wao katika barabara zote kuanzia tarehe 15 Desemba 2007, katika nchi yenye joto na unyevu kama wa pwani yetu, na idadi kubwa ya watu waliichagua ya nusu kwa sababu ya wepesi wake. Uvaaji ulipanda na kupita asilimia 90 na majeraha ya kichwa yakapungua. Kwa hiyo kati ya ya nusu iliyo na povu gumu na iliyofungwa mkanda, na kichwa kitupu, hakuna mjadala. Mjadala upo pale mtu mwenye uwezo wa kununua ya uso mzima anapochagua ya nusu kwa kuwa inampendeza. Huyo anajua anachokiacha, au anapaswa kukijua.

Ipo pia kofia ya fundi ujenzi, ambayo bado inaonekana vichwani mwa waendesha pikipiki wa pembezoni mwa miji. Imetengenezwa kumkinga mtu na tofali linalodondoka kutoka juu yake, si kichwa kinachorushwa kuelekea lami kutoka ubavuni. Haihesabiki katika ulinganisho huu.

Lebo inasema nini

Kofia mbili zinaweza kufanana kwa kila kitu kinachoonekana na moja ikawa ganda la plastiki tu. Ndiyo maana lebo inahitaji kusomwa, na kuisoma si kazi ngumu.

Kofia iliyoidhinishwa kwa Kanuni ya 22 ya Umoja wa Mataifa huwa na lebo iliyoshonwa, mara nyingi kwenye mkanda wa kidevu. Ndani ya duara kuna herufi E na namba ya nchi iliyotoa idhini: 1 ni Ujerumani, 2 ni Ufaransa, 3 ni Italia, 4 ni Uholanzi, 9 ni Hispania. Karibu nayo kuna namba ndefu inayoanza na 05 au 06, ambayo ni toleo la kanuni. Toleo la 06, lililoanza kutumika mwaka 2021, huipima kofia kwa mapigo ya kasi tofauti na pia kwa pigo la mshazari linalozungusha kichwa, jambo ambalo toleo la 05 halikulipima kwa namna hiyo. Ukikuta 06, ipe kipaumbele. Ukikuta 05 ambayo ni mpya, bado umepata kofia ya kweli.

Baada ya namba hutazamwa herufi, na hapa ndipo wanunuzi wengi wa kofia za kufunua hudanganyika. P maana yake ni kwamba kidevu kimepimwa na kinakinga. J maana yake ni kofia ya uso wazi. P/J maana yake ni kwamba imepimwa ikiwa imefungwa na ikiwa imefunuliwa. NP maana yake ni kwamba kidevu kipo kwa ajili ya upepo na sura tu, na hakikingi. Kofia ya kufunua yenye NP ina joto la uso mzima na kinga ya uso wazi, na sioni sababu ya yeyote kuilipia.

Alama ya DOT, yaani ya Wizara ya Uchukuzi ya Marekani, ni ya kutazamwa kwa tahadhari zaidi. Kwa utaratibu wa huko, mtengenezaji hujithibitishia mwenyewe kwamba kofia yake inakidhi kiwango, kisha serikali hununua baadhi sokoni na kuzipima baadaye. Utaratibu huo una maana mahali ambapo serikali inaweza kumfikia mtengenezaji. Kwetu, stika ya DOT nyuma ya kofia isiyo na jina la mtengenezaji wala tarehe ya kutengenezwa haithibitishi kitu. Tafuta pia alama ya shirika la viwango, TBS kwa Tanzania au KEBS kwa Kenya, na ikiwa muuzaji anakasirika unapogeuza kofia kutafuta lebo, nenda duka linalofuata.

Kuhusu sheria nitasema machache. Nchini Kenya, kifungu cha 103B cha Sheria ya Trafiki kinawataka wote wawili, dereva na abiria, wavae kofia na koti lenye viakisi mwanga, na Tanzania nayo inadai kofia. Lakini askari anatazama kama kuna kitu kichwani. Hatashika mkanda kuona kama umefungwa, wala hatatafuta herufi NP.

Mpya au ya mtumba

Povu gumu hubonyea mara moja tu. Likishabonyea halirudi, na gamba la nje linaweza kubaki halina hata ufa. Hii ndiyo sababu ninashauri dhidi ya kofia za mtumba, hata zile zenye majina makubwa ambayo bei yake inatamanisha: hujui ilianguka wapi wala ilikuwa na kichwa ndani au haikuwa nacho. Kati ya mtumba ya jina kubwa na mpya ya bei ya kati yenye lebo ya E, chukua mpya. Watengenezaji wengi hushauri kofia ibadilishwe baada ya takriban miaka mitano hata kama haijagongwa, kwa kuwa jasho, jua na mvuke wa petroli hudhoofisha vitu vilivyogundishwa ndani. Anayeitundika kwenye tangi la mafuta kila siku anaufupisha muda huo.

Kipimo cha kichwa kina uzito kuliko jina la kampuni. Ivae, ifunge, kisha mwombe mwenzako aishike kwa nyuma, kwenye ukingo wa chini, na ajaribu kuikunja kuelekea mbele. Ikivuka na kutoka, ni kubwa, na barabarani itatoka hivyohivyo. Tikisa kichwa kulia na kushoto: ngozi ya mashavu inapaswa kuvutwa pamoja na kofia. Kaa nayo dukani dakika kumi na tano hata kama muuzaji anakutazama; ukiivua na kukuta alama nyekundu yenye maumivu kwenye paji la uso, umbo lake si la kichwa chako. Mpya inapaswa kubana kidogo, kwa maana sponji ya mashavuni italegea baada ya wiki chache.

Kufuli za mkanda ni za namna mbili. Pete mbili za chuma hukaza kadiri unavyotaka na hazichakai, ila zinachukua muda kufunga. Kufuli ya kubofya hufungwa kwa mkono mmoja, na kwa dereva anayeivua kofia mara thelathini kwa siku hiyo ndiyo atakayoifunga kweli. Tatizo lake ni kwamba urefu wa mkanda hubaki ule uliowekwa dukani, kwa hiyo upimwe upya kila mwezi hadi vidole viwili tu vipite chini ya taya. Kati ya hizo mbili ninachagua ya kubofya kwa kazi ya mjini, mradi iwe ya chuma.

Kofia ya abiria

Mpaka hapa nimemzungumzia anayejibebea hatari yake. Anayepakia mtu mwingine amebeba pia hatari ambayo si yake, na kumpa abiria kibakuli cha sponji huku yeye amevaa ya uso mzima ni jambo ambalo siwezi kulitetea. Jijini Kigali, mwenye pikipiki ya abiria huja na kofia ya pili mkononi na abiria hupanda akiwa ameivaa, na hakuna anayeona ni usumbufu. Kwetu abiria wengi huikataa kwa sababu ya nywele, jasho la waliotangulia na hofu ya magonjwa ya ngozi ya kichwa. Sababu hizo ni za haki na dawa yake ni rahisi: kitambaa chepesi au kofia nyembamba ya plastiki ya kuvaa ndani, na kitambaa cha ndani kinachofuliwa kila wiki.

Kwa abiria ninabadilisha mpangilio wangu. Vichwa ni vingi na vipimo ni tofauti, hivyo ya uso mzima itakuwa imelegea kwa mmoja na kumkaba mwingine. Ya uso wazi yenye lebo ya J, ya kipimo cha kati, yenye kioo cha mbele na mkanda unaorekebishika, itavaliwa na wengi zaidi na itafungwa. Anayempakia mtu mmoja kila siku, mke, mume au mtoto wa sekondari, amnunulie ya kwake ya uso mzima baada ya kumpeleka dukani kuijaribu mwenyewe.

Na kama fedha iliyopo inatosha kofia moja ya bei kubwa kwa dereva na ya nusu kwa abiria, au mbili za bei ya kati zenye lebo ya E, ya uso mzima kwa mbele na ya uso wazi kwa nyuma, ningenunua hizo mbili siku hiyohiyo, na rangi iwe yoyote nyepesi atakayokuwa nayo muuzaji.